Nzuri Sana, Nitie Sahihi Wapi?

9 Januari

Wifi yangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Hatujambo kwa kiasi chetu. Cherehani inazunguka, sare za shule zimenijaa mpaka kitandani, na binti yetu amefunga virago kurudi chuoni akiwa na mafua. Natumaini wewe na wasichana wako wa bweni mmeanza muhula salama, na lile godoro lililoungua mmeshalisahau.

Najua hupendi simu, unasema neno la maana halisemwi huku jirani anasikiliza. Basi naandika. Tangu mdogo wako aangukiwe na ule mzigo kiwanda cha uchapaji, huu ni mwezi wa nne. Mzigo wenyewe, nadhani sikukuambia, ulikuwa wa mabango mia tano yaliyofungwa pamoja, yote yameandikwa "Usalama Ni Jukumu la Kila Mmoja". Winchi ikaachia, na jukumu la kila mmoja likamshukia yeye peke yake kichwani.

Kidonda kimepona. Yeye ndiye hajapona. Unamjua Bwana Nukta, kama kiwanda kizima kilivyomwita kwa kumwogopa: msahihishaji wa prufu, zile nakala za majaribio kabla ya kuchapa, miaka ishirini na mitatu, mtu wa kurudisha hata risiti ya dukani ikiwa imezungushiwa wino mwekundu. Siku hizi haoni kosa popote. Ukimpa kitu chochote anakitazama, anatabasamu, anasema, "Nzuri sana." Novemba walimrudisha kazini kwa majaribio. Wiki mbili tu, akapitisha kalenda ya mwaka huu yenye Julai mbili na isiyo na Agosti. Nakala elfu nne zimeshasambazwa. Wakamwachisha kazi kwa uzembe.

Sasa tumepata wakili, tunadai fidia kwenye baraza la kazi. Bila fidia hakuna wa kumwangalia mchana nikiwa kazini, na yale mazoezi ya ubongo aliyoandikiwa hospitali tutayasikia kwa wenzetu. Wakili anasema maneno ya mke hayatoshi, mke ana maslahi yake. Anataka mtu aliyemjua kabla yangu, aandike alivyokuwa na alivyo sasa. Wifi, mtu huyo ni wewe. Naomba ukurasa mmoja tu.

Mimi wifi yako,
Fundi

2 Februari

Wifi,

Salaam zako zimefika. Mimi mzima, isipokuwa goti. Wasichana mia na sitini, bafu nane, mabomba mawili ndiyo yanatoa maji, hesabu ufanye mwenyewe. Godoro halijasahaulika. Aliyelichoma hajajitaja, na mpaka ajitaje hakuna kupiga pasi bwenini. Mwambie binti anywe maji ya moto na aache kulala na nywele mbichi.

Sasa nisikilize. Mtoto yule nimemlea mimi tangu mama afariki, yeye ana miaka saba. Ukoo wetu hauna mtu wa kichwa kibovu, na sitakuwa mimi wa kwanza kuliandika hilo nikalipigia muhuri. Mdogo wangu amechoka. Ukisahihisha makosa ya watu miaka ishirini na mitatu, nawe utachoka. Na kama amesema "nzuri sana" mezani, pengine safari hii umepika ukajitahidi.

Tena kusema kwamba kiwanda kizima kilimwogopa ni kutia chumvi. Alikuwa mtulivu siku zote. Watu walimsingizia ukali tu.

Mpe barua hii aisome. Ataniandikia mwenyewe.

Matroni

27 Februari

Wifi yangu,

Pole na goti, likande asubuhi na jioni. Sisi tuko. Binti amepona mafua, ameanza mitihani.

Barua yako nilimpa. Alisoma yote, kidole chini ya mstari kama zamani, akasema nzuri sana. Nikamwambia, "Dada yako anasema sijui kupika." Akasema hilo nalo ni zuri.

Mtulivu, wifi? Kadi zetu za harusi alizirudisha kwa mpiga chapa mara tatu, na zilipotoka safi tarehe iliyoandikwa ilikuwa imepita. Tulioana wiki moja baada ya harusi yetu. Wewe ulikuwepo, ulisimama karibu yangu na kofia ya zambarau.

Tumekwenda kwa daktari wa baraza. Wana jedwali la viungo. Kidole gumba kina fungu lake, jino lina lake, hata ukucha umo. Kichwa nacho kimo, ila kwa nje: "Kovu la kichwani, kwa kila sentimita." Daktari akatoa rula. Sentimita nne na nusu. Akanipa pole kwamba halikurefuka zaidi. Nikamuuliza, na kilichomo ndani je? Akageuza fomu, akatazama nyuma, akaniambia kwa upole kwamba hana nafasi ya kuandika.

Wakili wetu akailalamikia fomu. Hapo mwanasheria wa kampuni akafungua mkoba, akatoa prufu ya fomu hiyo hiyo. Kumbe ilichapwa kiwandani kwao, na chini kuna wino mwekundu wa miaka sita iliyopita: "Nimeipitia, haina kosa. Nukta." Kwa hiyo, anasema, mdai mwenyewe alishakubali kwa maandishi kwamba ndani ya kichwa hakuna kitu.

Unaona tunavyochezewa. Ukurasa mmoja tu, wifi.

Fundi

8 Aprili

Wifi,

Salaam. Nimechelewa kwa sababu ya wakaguzi. Walihesabu mashuka siku mbili, wakakuta yamezidi, nikaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini yamezidi. Goti lilivyo ndivyo lilivyo.

Nina swali. Juzi niliitwa ofisi ya mwalimu mkuu kupokea simu. Bwana mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, anajiita afisa ustawi wa kampuni. Akaniambia mdogo wangu alishalimaliza jambo hili kwa amani tangu Desemba, na sahihi akatia kwa mkono wake, na sasa mke ndiye anafukua kaburi.

Mbona hili sikulisikia kwako? Umeniandikia kuhusu rula na kofia yangu, lakini hili ukaliruka.

Matroni

21 Aprili

Wifi yangu,

Salaam, na leo ni fupi kwa sababu nina aibu.

Ni kweli. Bwana yule alikuja Desemba na kikapu cha matunda na kalenda, ile ile yenye Julai mbili. Mimi nilikuwa nimetoka kununua uzi. Nusu saa, wifi, nakuapia. Karatasi aliyokuja nayo ilisema: "Nakiri kwamba nimepona kabisa, na sidai chochote leo wala siku yoyote ijayo." Jirani alikuwa dirishani, alisikia kila kitu. Mume wangu akaisoma yote, akasema, "Nzuri sana. Nitie sahihi wapi?" Akaonyeshwa. Nilipofika namkuta anamsindikiza mgeni wake mlangoni, anamsifia viatu.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utakachosema: wifi kamwacha peke yake. Basi sema. Mwenyewe nimeshajisemea mara nyingi.

Sasa maji yamenifika shingoni. Baraza linasema karatasi ile ni halali, isipokuwa tuthibitishe kwamba mtu huyu siku hizi hawezi kukataa kitu chochote anachopewa. Tukishindwa, faili linafungwa na hatutasikilizwa tena. Umelelewa naye nyumba moja. Kama kuna mtu anajua jinsi alivyokuwa anakataa mambo, ni wewe.

Fundi

10 Mei

Wifi,

Salaam. Nimesoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili sikuamini.

Mdogo wangu hajawahi kutia sahihi asichokikubali. Mkataba wake wa kazi alikaa nao siku tisa, akawarudishia ukiwa umebadilishwa kurasa nne. Kama alitia sahihi, alitaka. Yule anajivuna, hataki kulishwa na mtu. Wewe ndiye umemlaza kitandani na kumwita mgonjwa ili wakili wako apate kazi.

Sasa tuyamalize. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nimeiandika kwa mkono wangu. Mpe aisome, mwambie atie sahihi, usiongeze neno. Ataichana, mimi namjua. Akiichana, kesi yako uiache na tusisikie tena habari za kichwa. Akitia sahihi, nitakuandikia ukurasa wako, na wa pili, na wa tatu. Lakini hatatia.

Matroni

5 Juni

Wifi yangu,

Natumaini goti limepungua. Binti amefaulu masomo yote isipokuwa moja, ambalo baba yake amelipongeza sawasawa na mengine.

Ile karatasi yako kwa bahati mbaya ilifika imelowa. Wino ulichuruzika, haikusomeka. Nasikitika.

Tumepangiwa siku ya kusikilizwa. Karani wa baraza ameitundika ile kalenda ukutani, na kesi yetu kaiweka tarehe 22 Julai, ya pili. Nikamwambia mwezi huo haupo. Akanitazama kwa huruma, akanisogeza mpaka ukutani, akanionyesha kwa kalamu. Wito wetu umeandikwa hivyo, tena una muhuri. Wakili ameshauri tuende tarehe 22 ya Julai, na tarehe 22 ya Agosti, kwa usalama.

Fundi

26 Juni

Wifi,

Salaam. Huku mvua haijanyesha tangu Aprili, na huko kwenu gazeti linasema hivyo hivyo. Karatasi ile niliifunga ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu posta naijua. Wewe ni fundi mzuri, nakubali, lakini uongo wako umeushona kwa mishono mirefu.

Aliichana, sivyo? Alikasirika. Unaogopa kuniambia kwa sababu kesi imekufa. Usiogope, sitakucheka. Nataka tu uniambie alivyosema. Alipaza sauti? Alinitukana? Niandikie neno kwa neno.

Matroni

18 Julai, ya kwanza

Wifi yangu,

Nilitaka kukaa kimya mpaka kesi ipite, lakini barua yako ya mwisho imenishinda.

Karatasi ilifika kavu. Niliisoma kabla sijampa, na nikakasirika nawe sana. Uliandika hivi, nanakili: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini natamka kwa akili timamu kwamba sina dada, sikuwahi kuwa na dada, na mwanamke yeyote anayedai kuwa alinilea ni mwongo." Wifi, ulipata wapi moyo wa kuyaandika haya?

Nilimpa akiwa amekaa karibu na dirisha. Alisoma kwa sauti, taratibu. Mimi nimesimama na pini mdomoni, namwomba Mungu akunje uso tu, hata kidogo, kesi iende inakokwenda. Alipofika mwisho akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Nikasema moyoni, ndiyo hiyo, sasa ataichana. Akasema, "Nzuri sana. Nitie sahihi wapi?" Sikumwonyesha. Akatafuta nafasi mwenyewe, akatia.

Miaka kumi na tisa unanikosoa, ungedhani siku ile ningeona raha. Niliingia jikoni nikalia, na nilikuwa nakulilia wewe.

Karatasi iko kwenye kopo langu la vifungo. Wakili akiiona ataruka dari, maana ndiyo ushahidi anaoutafuta. Lakini sitaitoa bila ruhusa yako. Ukisema niichome, nitaichoma leo.

Fundi

9 Agosti

Wifi,

Leo sina salaam. Ipeleke. Na hiki ndicho ulichoomba, nimekipigia muhuri kwa hakimu wa huku.

*Mimi ni matroni wa bweni na dada wa mdai. Niliandika mahali pengine kwamba mdogo wangu alikuwa mtulivu. Nilidanganya. Alikuwa mkali tangu utoto. Aligombana na kinyozi, na posta, na mwalimu wake wa hesabu, na mara nyingi alikuwa na haki, jambo lililozidisha ubaya. Nilipohamia huku alinirudishia barua yangu ya kwanza ikiwa na masahihisho kumi na moja, na chini kabisa, kwa wino ule ule mwekundu, akaandika kwamba nyumba imepwaya bila mimi. Ndivyo alivyopenda watu, hakujua njia nyingine.*

*Karatasi iliyo mbele yenu niliitunga mimi ili aikatae. Mtu niliyemlea angeichana, kisha angepanda basi siku mbili kuja kunifokea langoni. Tangu Mei nilikuwa nalitazama lango. Sikumwona. Kwa hiyo naliambia baraza kwamba mdogo wangu ameumia, na ameumia mahali ambapo fomu yenu haina nafasi.*

Ndiyo hayo. Usinijibu mpaka yaishe.

Matroni

1 Septemba

Wifi yangu mpendwa,

Salaam, na safari hii ni salaam za kweli. Imekwisha. Nitakueleza kwa utaratibu, maana nikianza na mwisho nitalia tena.

Tarehe 22 Julai tulikwenda, karani akatucheka: "Mama, hii si ndiyo ya kwanza?" Agosti tukarudi. Kampuni ilileta shahidi, mpiga chapa mmoja, akaapa kwamba tangu ajali Bwana Nukta amekuwa mtu wa kupendeza, anasalimia, anauliza hali. Mwanasheria wao akasema kwa haki kabisa kampuni ingestahili kushukuriwa.

Kisha akanigeukia mimi. "Tangu ajali, amewahi kukufokea?" Hapana. "Amewahi kulalamikia chakula?" Hapana. "Sasa mama, umepoteza nini?"

Wifi, kuna jambo sikukuandikia. Miezi ya kwanza nilifurahi. Nyumba kimya, nasifiwa asubuhi, nasifiwa jioni, nikajiona bibi harusi. Hilo nililisema mbele ya watu wote, na uso ukaniwaka. Halafu nikawaambia ya siku tulipokwenda msibani kwa jirani. Mume wangu alisimama mbele ya jeneza, akalitazama, akasema, "Nzuri sana," kwa sauti ile ile anayoniambia mimi nikivaa gauni jipya. Nikawaambia, yule aliyenikosoa alikuwa ananitazama. Huyu anayenisifu hanioni. Mwanasheria akaandika kitu, akaketi.

Ndipo wakasoma karatasi yako, na maelezo yako baada yake. Mwenyekiti ni mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Akamwita mume wangu mbele, akamwonyesha sahihi. Ni yako? Ni yangu. "Huna dada?"

Akasema, "Ninaye. Mmoja, mkubwa. Yuko mbali, anaumwa goti."

Mwanasheria wa kampuni akasimama kama amechomwa sindano: "Mheshimiwa, ana kumbukumbu! Ana akili timamu!" Mwenyekiti akamwonyesha kiti.

"Kama unaye," akamuuliza, "kwa nini uliandika kwamba huna?"

Akaishika karatasi, kidole chini ya mstari wa kwanza. "Huu ni mwandiko wa dada. Kama dada ameandika hivi, basi ndivyo." Kisha akasema, kwa sauti ndogo sana, "Lakini nilisikitika."

Karibu mwaka mzima, wifi, sijasikia kinywani mwake neno lingine zaidi ya zuri na nzuri. Nilisimama bila kuruhusiwa. Mwenyekiti hakunikalisha.

Aliamua siku ile ile. Alisema mtu anayejua anaumizwa, anasikitika, na bado anauliza atie sahihi wapi, huyo hawezi kuachwa peke yake na karatasi, na kila karatasi aliyopewa tangu ajali haina nguvu. Ile ya Desemba imefutwa. Kampuni italipia matibabu yake na mtu wa kukaa naye mchana. Na kwa kuwa sheria ni sheria, watalipia pia sentimita nne na nusu za kovu.

Ameanza mazoezi wiki hii. Daktari amesema tusitegemee arudi yule wa zamani. Nimesikia, lakini tangu siku ile namtazama anaposoma, namsubiri.

Nawe nina ombi. Usiandike tena, njoo. Nimepaka sebule rangi ya kijani. Yeye anasema nzuri sana, binti anasema nzuri sana, majirani nao wanasema hivyo hivyo wakiwa na kikombe mkononi. Mimi naiona imeharibika kabisa, na sina mtu wa kuniambia. Njoo uniambie.

Mimi wifi yako,
Fundi